Jinsi ya Kumpata Wakili wa Talaka Texas, Ambako Mshahara wa Mmoja ni Mali ya Wawili

"Kaka, unamjua wakili mzuri wa talaka hapa Houston, asiye ghali?" Ujumbe huu hunifikia mara kwa mara, nami hujibu kwa swali: "Nyumba mlinunua lini? Na ile ya Kigamboni, Dar es Salaam, imeandikwa jina la nani?" Mtu anashangaa. Kaomba wakili, namuuliza habari za nyumba. Lakini Texas ni mojawapo ya majimbo 9 ya Marekani yenye sheria ya mali ya pamoja ya wanandoa (mengine ni Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Washington na Wisconsin), na huku wakili anayekufaa anategemea mlichuma nini, lini, na kwa pesa ipi. Usipolijua hilo mapema, utamchukua yule mwenye maneno mengi.

Mimi si wakili. Ni mkalimani. Nimekaa kwenye ofisi za mawakili na vyumba vya usuluhishi kiasi cha kujua watu wetu wanakwama wapi. Mwongozo huu haushiki nafasi ya ushauri wa kisheria. Unakufikisha kwa wakili ukiwa umejipanga, maana dakika zake zina bei.

Sheria kidogo, halafu tuendelee

Wengi tumetoka nyumbani na fikra ya mchango. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaangalia kila mmoja alichangia nini, na tangu uamuzi wa kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo zinahesabika kuwa mchango. Texas hawaanzii hapo. Wanaanza na dhana kwamba kila kilichopo mikononi mwa mume au mke siku ya talaka ni cha wote wawili, mpaka anayesema "hiki changu" athibitishe kwa ushahidi ulio wazi na mzito. Chako peke yako ni ulichokuwa nacho kabla ya ndoa, ulichopewa zawadi na ulichorithi. Jina kwenye akaunti au kwenye kadi ya gari halimalizi ubishi.

Mambo mawili huwashtua watu. La kwanza, Texas haina utengano wa kisheria. Mnaweza kuwa mmelala nyumba mbili kwa miaka 3, na bado mshahara utakaoingia Ijumaa ijayo ni wa wote. California ni tofauti: huko kuchuma kwa pamoja kunakoma siku mlipotengana. La pili, "pamoja" si lazima iwe nusu kwa nusu. California hugawa sawa kwa sawa. Jaji wa Texas hugawa kwa namna anayoona ni ya haki, na anaweza kumpa mmoja zaidi ya mwenzake. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa Los Angeles uache hukohuko Los Angeles.

Vya kuwa navyo kabla hujapiga simu

- Cheti cha ndoa: cha bomani, cha kanisani au cha msikitini. Kama mlioana kwenye kambi ya wakimbizi, tuseme Nyarugusu au Kakuma, na cheti hakuna, tafuta fomu za ukimbizi mlizojaza mkijitaja kuwa mume na mke.
- Fomu za kodi za miaka 3 iliyopita, W-2 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka), na karatasi za mshahara za karibuni.
- Taarifa za benki za kila akaunti unayoweza kuifikia kihalali, pamoja na za 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayowekwa kupitia kazini.
- Hati ya nyumba, mkataba wa mkopo wa nyumba, kadi za magari, na orodha ya madeni.
- Karatasi za mali iliyoko nyumbani: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, risiti za kutuma pesa, hata zile meseji za WhatsApp na fundi akiomba mifuko ya saruji.
- Hati za uhamiaji za nyote wawili. Kama mmoja alimleta mwenzake na kusaini fomu I-864 ya kumdhamini, nakala yake ni muhimu sana.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na pasipoti zao.

Fungua barua pepe mpya yenye nywila ambayo mwenzako haijui. Lakini usiingie kwenye simu au barua pepe yake kwa siri kutafuta ushahidi. Linaweza kuwa kosa la jinai, na wakili wake atalitumia dhidi yako.

Kama unapigwa au kutishiwa, acha kusoma orodha. Piga 1-800-799-7233, simu ya taifa ya ukatili wa majumbani, uombe mkalimani wa Kiswahili. Amri ya ulinzi, ya mahakama kumzuia anayekudhuru, haina ada kwa mwombaji, na mara nyingi ofisi ya mwanasheria wa kaunti hukuombea bila wewe kuajiri mtu.

Hatua ya 1: Hakikisha kesi yako ni ya Texas

Ili kufungua talaka hapa, mmoja wenu, si lazima wewe, awe ameishi Texas miezi 6 na kwenye kaunti husika siku 90. Tafuta wakili anayefanya kazi katika kaunti hiyo. Wa Dallas anaweza kuja Houston, ila saa za barabarani utalipa wewe.

Hatua ya 2: Chora mstari wa ndoa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayookoa pesa kuliko zote. Chukua karatasi kubwa, chora mstari, weka alama siku mlipooana. Kushoto andika vya kabla, kulia vya baadaye. Kila kitu kipe tarehe ya kununuliwa, bei, na pesa ilitoka wapi.

Tuseme ulinunua nyumba Katy, karibu na Houston, mwaka 2014 na ukaoa 2016. Nyumba ni yako, kwa kuwa Texas huangalia haki juu ya mali ilianza lini. Lakini kama tangu 2016 mkopo umelipwa kwa mishahara ya ndani ya ndoa, upande wa pamoja unaweza kudai kurudishiwa. Na ukiipangisha nyumba hiyohiyo, kodi inayoingia wakati wa ndoa ni ya pamoja. Hapo ndipo watu husimama na kuniuliza kama nimetafsiri vibaya. Sijakosea.

Ndoa zetu zina alama zaidi ya moja: kuna siku ya mahari, siku ya kanisani au nikaha, siku ya bomani. Ziandike zote. Texas pia inatambua ndoa isiyo na cheti pale watu wawili walipokubaliana kuwa mume na mke, wakaishi hapa hivyo, na wakajitambulisha hivyo kwa watu. Ukisema "tulikuwa tunaishi tu", jaji huenda akaona ndoa.

Hatua ya 3: Tafuta majina matatu, uyakague

Waulize waliokwisha kupita njia hiyo, lakini swali liwe "alikujibu simu?" na si "ulishinda?" Kwenye tovuti ya State Bar of Texas, chama cha mawakili cha jimbo, andika jina la wakili uone kama leseni yake iko hai na kama amewahi kuadhibiwa. Ni bure na haichukui dakika 5. Angalia pia kama amethibitishwa kuwa bingwa wa sheria ya familia na Texas Board of Legal Specialization. Si lazima awe na uthibitisho huo, na walio nao hutoza zaidi. Kama mna biashara, nyumba za kupangisha au mali nchi mbili, mimi ningelipa hiyo tofauti.

Kipato chako kikiwa kidogo, jaribu kwanza msaada wa kisheria wa bure: Lone Star Legal Aid kwa Houston na mashariki, Legal Aid of NorthWest Texas kwa Dallas na Fort Worth, Texas RioGrande Legal Aid kwa Austin, San Antonio na kusini. Hawawezi kumchukua kila mtu, kwa hiyo omba mapema.

*Kosa kubwa hapa:* kumpa kazi "notari". Nyumbani, muhuri wa notari tunauona kwa wakili. Tanzania na Kenya mtu akigonga muhuri ule tunajua kasomea sheria. Marekani notari ni yeyote aliyesajiliwa kushuhudia saini, awe karani wa benki au muuza duka la vifurushi. Haruhusiwi kukushauri juu ya talaka. Nimewaona waliolipa mamia ya dola wakaandikiwa fomu isiyotaja nyumba wala 401(k).

Hatua ya 4: Piga simu ya kwanza

Atapokea msaidizi. Atakuuliza jina lako na la mwenzako kabla ya yote. Wanaangalia kama mwenzako alishawaona. Akiwa alishazungumza nao, hawatakuchukua, na wala usinung'unike. Wakili mmoja hawezi kuwawakilisha mume na mke katika talaka moja, hata mkipendana namna gani.

Uliza bei ya kikao cha kwanza. Wengine hawatozi kitu, wengine hutoza kama saa ya kawaida. Sema pia kama utahitaji mkalimani. Usimpeleke mtoto wako atafsiri, hata kama Kiingereza chake ni cha shuleni na kimenyooka. Na shemeji aliyekuja "kukusindikiza" abaki nje: mazungumzo yako na wakili yana kinga ya siri, na mtu wa tatu asiyehitajika anaweza kuiharibu. Mkalimani haiharibu.

Hatua ya 5: Kwenye kikao, uliza maswali yanayompima

"Una uzoefu wa miaka mingapi?" ni swali la heshima tu. Mpe mfano wa kwako umsikilize anavyofikiri.

Muulize: "Nilikuwa na dola 12,000 kabla ya ndoa, nikaziweka kwenye akaunti yetu, baadaye tukatoa malipo ya kwanza ya nyumba. Utathibitishaje kuwa ni zangu?" Anayeijua kazi atakuuliza taarifa za benki za miaka ile, ataeleza jinsi ya kufuata pesa mwezi kwa mwezi, na atakwambia wazi kuwa zikikosekana utazikosa pesa zako. Anayesema "usijali, tutamtandika" muage kwa adabu.

Kisha la nyumbani: "Tulijenga Kigamboni kwa pesa za boksi, vibarua vya huku, za miaka 6, kiwanja kina jina la kaka yake. Jaji wa Harris, kaunti ya Houston, atafanya nini?" Hili ni la wengi wetu. Mtanzania aliyechukua uraia wa Marekani amepoteza ule wa nyumbani, kwa hiyo viwanja huandikwa majina ya ndugu. Jibu zuri halina miujiza. Jaji wa Texas hawezi kubadilisha hati iliyoko kwenye ofisi ya ardhi Dar es Salaam, ila ana nguvu juu ya mtu aliyesimama mbele yake: anaweza kumwamuru alipe, asaini, au akupe wewe sehemu kubwa zaidi ya vilivyoko hapa ili kufidia. Yote hayo yanasimama juu ya risiti zako. Muulize pia kama ameshawahi kushirikiana na wakili wa Tanzania, Kenya au Kongo. Akisema hapana lakini yuko tayari, si vibaya.

Kama ndoa ni ya Kiislamu, mwambie kama talaka imeshatamkwa na kama kuna mahari iliyobaki. Talaka ya sheikh peke yake haivunji ndoa mbele ya sheria ya Texas. Bado unahitaji hukumu ya jaji. Mahari ni suala la mkataba, na anapaswa kuusoma kabla ya kukujibu.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji: kama kadi yako ya ukaazi ni ya miaka 2, talaka inabadilisha namna utakavyojaza I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo. Na udhamini wa I-864 haufi kwa talaka. Hukoma, kwa mfano, aliyedhaminiwa akipata uraia au akitimiza robo-mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka 10. Wakili wa familia asiyejua haya si lazima umwache, ila awe tayari kuzungumza na wakili wa uhamiaji.

Mwisho uliza nani hasa atashika faili lako: yeye, wakili mdogo, au msaidizi? Jibu lolote linaweza kufaa. Linalokera ni kugundua mwezi wa tatu kwamba uliyemlipa hujamwona tena.

Hatua ya 6: Elewa pesa inavyokwenda

Talaka hulipwa kwa saa. Mijini Texas dola 250 hadi 500 kwa saa ni jambo la kawaida, na kuna wanaozidi hapo. Utatakiwa kutanguliza kiasi, mara nyingi maelfu kadhaa ya dola. Pesa hiyo si bei ya kesi. Inakaa kwenye akaunti ya amana, wakili anaikata kadiri anavyofanya kazi, na ikibaki ni yako. Ada ya kufungua kesi mahakamani, kwa kawaida dola 300 na ushee, iko nje ya hapo, na asiyejiweza anaweza kuiomba mahakama imsamehe.

Mke ambaye hajawahi kufanya kazi ya kulipwa huniambia, "Sina pesa, basi sina wakili." Si kweli. Mshahara wa mume ni mali ya pamoja, na jaji anaweza kuamuru mapema, kabla kesi haijaisha, gharama za wakili wako zilipwe. Muulize wakili kama ataomba amri hiyo, na yeye anahitaji kiasi gani ili aanze.

Kama mmekubaliana karibu kila kitu, uliza kuhusu uwakilishi wa sehemu tu: akuandikie hukumu, au apitie uliyoandikiwa. Inapunguza gharama sana.

Hatua ya 7: Soma mkataba kabla ya saini

Omba ulale nao. Tafuta mambo manne: bei ya saa ya kila atakayegusa faili, kima cha chini anachotoza kwa simu moja (dakika 6 au 15, tofauti ni kubwa), lini utatakiwa kujaza tena amana, na kitakachotokea ukimwacha. Ukiona maneno ya "hairudishwi" juu ya pesa ya saa uliyotanguliza, uliza. Anayetaka asilimia ya mali utakayopata kwenye talaka, ondoka.

Hatua ya 8: Kazi ikianza

Texas ina siku 60 za kusubiri tangu kesi kufunguliwa kabla ya jaji kutoa talaka, isipokuwa katika baadhi ya kesi za ukatili. Hiyo ni sakafu tu. Penye ubishi kesi huchukua muda mrefu zaidi. Kaunti nyingine, kama Dallas na Travis, zina amri za kudumu zinazowabana wote wawili mara kesi inapofunguliwa: hakuna kuficha pesa, kuuza vitu, wala kuwaondoa watoto shuleni ovyo. Hata pasipo na amri hizo, usihamishe akiba kwenda kwa mama Bukoba "ili isalie". Ni alama mbaya mbele ya jaji, na risiti ya kutuma haifutiki.

Kusanya maswali yako, tuma barua pepe moja kwa wiki. Meseji 14 za usiku ni bili 14.

Ukikwama

*Nimeletewa hati za mahakama.* Andika siku uliyopokea. Jibu lako linatakiwa kabla ya saa 4 asubuhi, Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Ukikaa kimya, mwenzako anaweza kupewa alichoomba bila wewe kuwepo.

*Ananiambia nisaini tu karatasi ya kupokea.* Baadhi ya karatasi hizo zina mstari unaosema unaachilia pia haki ya kuarifiwa siku za kesi. Mwonyeshe wakili kwanza, hata kwa kulipia nusu saa.

*Mwenzangu yuko Bukavu, hajawahi kukanyaga Texas.* Jaji anaweza kuvunja ndoa. Kumwamuru yeye kuhusu mali au malipo ni jambo jingine. Uliza hilo kikao cha kwanza.

*Naogopa atawapeleka watoto nje ya nchi.* Mwambie wakili siku ya kwanza, si ya mwisho. Sheria ya Texas ina hatua maalumu za kuzuia hilo, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mpango wa kukuarifu pasipoti ya mtoto ikiombwa.

*Wakili hajibu.* Tuma barua pepe fupi yenye tarehe na swali moja. Akiendelea kunyamaza, State Bar of Texas ina huduma ya kusaidia wateja na mawakili wasioelewana, na malalamiko rasmi ni hatua ya baada ya hapo.

*Nataka kumbadilisha.* Unaruhusiwa wakati wowote. Omba faili lako na salio la amana kwa maandishi. Kesi ikiwa imeshafunguliwa, jaji huidhinisha mabadiliko, kwa hiyo mpate wa pili kabla ya kumwacha wa kwanza, na usifanye hivyo wiki ya kesi kusikilizwa.

*Talaka imetoka, 401(k) bado haijagawanywa.* Hukumu peke yake mara nyingi haitoshi. Mfuko unadai amri ya pili iliyoandikwa kwa ajili yao. Muulize wakili nani anaiandika na nani anailipia, kabla hajafunga faili. Na kama kuna harusi nyingine inakuja, Texas inakutaka usubiri siku 30 tangu hukumu, labda jaji akuondolee sharti hilo.